Vumbi la mbao lisilale na watoto

Wazazi wa Dadamu, maseremala wetu wengi wanapiga randa pale pale mlangoni, watoto wanacheza kwenye maranda. Maranda hayana shida sana. Shida ni ule unga wa msasa: unabaki hewani hata kazi ikiisha, na unaingia mpaka mapafuni. Unga wa mvule unawasha ngozi na unaweza kuleta pumu. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kati ya vitu vinavyoleta saratani, hasa ya ndani ya pua.

Kama una umeme, tengeneza sanduku lililo wazi pande mbili. Upande mmoja funga feni, ipulize kwenda nje. Upande wa pili weka gunia, na nyuma yake kitambaa cha pamba, mikunjo miwili. Hewa ipite kwanza kwenye kitambaa ndipo ifike kwenye feni. Ukigeuza, mota itajaa vumbi. Sanduku likae ubavuni mwa meza. Upepo wa mgongoni, bwana, unazunguka kifuani na kukurudishia vumbi puani. Feni ikivuta kidogo, kung'uta kitambaa nje, mbali na jiko, maana unga huo unashika moto upesi.

Unga mwembamba kabisa utapita tu, kwa hiyo funika pua. Bila umeme, toa meza chini ya mwembe, nyunyiza maji kabla ya kufagia, na nguo za kazi zivuliwe nje kabla hujambeba mtoto.