Mkorosho uliochoka

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zipatazo 145,000 za korosho ghafi, nyingi zikitoka kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hazikufika hata 20,000. Ukiuliza Masasi au Newala kulitokea nini, utajibiwa kwa neno moja: ubwiriunga. Ni jibu la kweli, ila halijakamilika.

Ubwiriunga huletwa na kuvu. Hushambulia machipukizi na maua machanga kuanzia Juni hivi, alfajiri zikiwa na baridi na umande. Ua likishavaa ule unga mweupe hukauka na kupukutika. Hapo hakuna bibo, hakuna korosho, na pombe ya uraka ya msimu huo imekwenda.

Mti nao hupigana. Chembe ya mmea ikivamiwa na kuvu hutoa oksijeni kali, kama peroksidi ya hidrojeni, ambayo ikizidi huiunguza chembe yenyewe. Kiasi chake husimamiwa kwa sehemu na maikroRNA, vipande vifupi vya RNA vyenye herufi kama 21, vinavyonyamazisha jumbe za jeni. Victor Ambros na Gary Ruvkun walipata Nobeli ya 2024 kwa kuvigundua, tena kwenye mnyoo. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwenye Arabidopsis, gugu dogo la maabara, kwamba oksijeni kali ikipanda, kipande kiitwacho miR398 hupungua, na vimeng'enya vinavyoizimua huongezeka. Ni breki inayoachiwa.

Ulinzi huo una gharama, na mti hulipa kwa sukari inayotengenezwa na majani yenye jua. Lakini mpango wa serikali wa Operesheni Vijiji uliwahamisha watu mbali na mashamba yao. 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa. Mikorosho ikaachwa na vichaka, matawi yakasongamana. Ndani ya kivuli yakaota maotea, na kwenye majani yake mateke kuvu ilikaa ikingoja maua. Kwa maoni yangu, kuvu ilikuta mlango wazi.

Salfa, dawa ya ubwiriunga, iliokoa mengi, sikatai. Lakini hupulizwa kabla unga haujatanda, alfajiri upepo ukiwa umetulia, na ikirudiwa miaka mingi huongeza asidi kwenye udongo wa kichanga. Haikati otea hata moja. Watafiti wa kituo cha Naliendele wamehimiza kupogoa, kupunguza miti na kupanda miche iliyobebeshwa. Mwenye mikorosho ya babu yake, akiambiwa ang'oe mmoja kati ya miwili, kwanza huuliza bei ya korosho mnadani.