Kipoza Oili: Kifaa, Maradhi Yake na Jina Lake

Miongoni mwa maneno tunayoulizwa mara kwa mara na wafasiri wa vitabu vya magari, na hali kadhalika na walimu wa vyuo vya ufundi, ni jina la kile kifaa kilichofichwa ubavuni mwa injini ambacho kazi yake ni kuipunguzia oili joto. Wengine huandika kipoza mafuta, wengine kipozeo, wengine rejeta ya oili. Na mafundi wenyewe husema oili kula. Tumeonelea kwamba haifai kulichagua jina kabla ya kukieleza kitu, na kwa hiyo tulikwenda Bububu, kaskazini ya mji wa Unguja, mwisho wa njia ya gari za abiria nambari 502, tukakaa na mafundi wa gereji moja ya chini ya mwembe huku wakifungua injini ya dizeli ya Toyota aina ya 1HZ. Injini hiyo, ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, ilianza kutiwa katika Land Cruiser mwaka 1990, na hadi leo hubeba wagonjwa, maofisa na magunia katika sehemu nyingi za nchi yetu.

Oili ndani ya injini ina kazi zaidi ya ile ya kulainisha. Huchukua pia joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki, yaani chini ya pistoni na katika beringi za krenki shafti. Joto hilo likizidi, oili huwa nyepesi mno, ikashindwa kuvitenga vyuma viwili vinavyosuguana. Ndiyo maana watengenezaji wa injini nyingi huipitisha oili katika kifaa cha kuipoza kabla haijarudi kazini. Katika 1HZ kifaa hicho ni rundo la bamba nyembamba zilizounganishwa pamoja, nalo hukaa nyuma ya mfuniko ubavuni mwa bloku. Oili hupita ndani ya bamba na maji hupita nje yake, na joto hutoka kwenye oili likaingia katika maji.

Hata hivyo si kila kipoza oili hutumia maji. Volkswagen za zamani, zile zenye mgongo wa duara na injini nyuma, hazina rejeta kabisa. Oili yake, ambayo ni lita 2 na nusu tu, hupozwa na upepo wa feni. Tunalitaja jambo hili kwa sababu tumekwisha kuona fasili inayosema kwamba kifaa hiki ni “chombo cha kupoza oili kwa maji ya rejeta”. Fasili hiyo ni ya kipoza oili kimoja, wala haifai kuingizwa katika kamusi kwa ajili ya vyote.

Maradhi ya kifaa hiki ni mawili: kuziba na kutoboka. Upande wa oili huzibwa na masizi na matope meusi, hasa ikiwa mwenye gari huchelewa kubadilisha oili. Upande wa maji huzibwa na kutu na ukoga wa chokaa, na katika kisiwa cha mawe ya matumbawe kama Unguja chokaa hainunuliwi. Kuziba huonekana kwa joto. Kutoboka ndiko kunakowapoteza watu. Injini inapozunguka, msukumo wa oili (walimu wetu wa skuli wangependa tuseme kanieneo) huwa mkubwa mara kadhaa kuliko msukumo wa maji, na kwa hiyo oili hupenya tundu ikaingia katika maji. Injini inapozimwa, msukumo wa oili huanguka mara moja hali maji ya moto yangali yamebanwa na kifuniko cha rejeta. Sasa maji ndiyo yanayopenya kuingia katika oili. Asubuhi dereva huchomoa kijiti cha kupimia akaona oili imegeuka rangi, imekuwa kama chai ya maziwa.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Mafundi wengi wakiiona chai hiyo hukata shauri papo hapo kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Hedi hushushwa, hupelekwa kuchongwa, gasketi mpya hununuliwa, kazi ya siku kadhaa hufanywa. Gari ikiwashwa, baada ya wiki moja chai ni ile ile. Fundi mkuu wa pale Bububu alitufahamisha kwamba kabla ya kugusa hedi yeye hufungua kifuniko cha rejeta injini ingali baridi, akaiwasha na kutazama. Gasketi iliyoungua aghalabu huingiza gesi za moto katika maji, na maji hutoa mapovu mfululizo. Kipoza oili kilichotoboka hakitoi mapovu. Huacha utando mzito wa mafuta juu ya maji, basi. Ipimwe kwanza hivyo, alisema, ndipo hedi iguswe.

(Kwa kuwa tumetaja mapovu: wapo wanaosema kwamba jina Bububu lilitokana na mlio wa gari moshi iliyokuwa ikija hapo kutoka mjini mwanzoni mwa karne ya 20, kwa reli iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani. Maelezo hayo ni matamu, lakini Bububu imekwisha kutajwa kwa jina hilo katika kitabu cha kumbukumbu cha Bibi Salme binti Said kilichochapishwa mwaka 1886, kabla ya reli hiyo kuwapo. Wanaolihusisha jina na maji yanayobubujika katika chemchemi za huko wana hoja yenye nguvu zaidi.)

Namna ya kukisafisha kifaa ni hii. Injini iachwe ipoe, maji na oili vimwagwe, mfuniko ufunguliwe kwa kulegeza bolti kidogo kidogo kwa zamu ili usipinde. Kipoza oili kikitoka, upande wa oili huloweshwa katika mafuta ya taa au dizeli na kusukutuliwa mpaka kinachotoka kiwe safi. Upande wa maji hutiwa siki au tindikali nyepesi ya limau, kisha husuuzwa kwa maji mengi. Tindikali kali na magadi ya kutengenezea sabuni yasitumiwe kabisa ikiwa kifaa ni cha alumini, kwani huila. Baada ya hapo kinapimwa: tundu moja huzibwa, jingine hutiwa pumzi ya pampu, kikatoswa katika ndoo ya maji. Povu likitoka katika bamba, hakuna la kusafisha tena, kibadilishwe. Kadhalika kibadilishwe, hata kama hakikutoboka, iwapo injini imekwisha kuvunja beringi. Chenga za chuma hujificha katika bamba zisikoweza kufikiwa na mafuta ya taa, zikatoka siku ya pili kuzila beringi mpya. Gasketi na pete za mpira ziwe mpya kila mara. Na maji ya rejeta yasafishwe kwa sabuni mara kadhaa, maana oili iliyobakia humo huivimbisha mipira ya maji ikalainika na kupasuka.

Mafundi wengine hukiruka kifaa, yaani huunganisha njia za oili moja kwa moja bila ya kukipitia. Unguja haina mlima wa kutajwa, na gari kama hiyo yaweza kwenda Nungwi na kurudi kwa miaka pasipo na lawama. Ikivushwa bara ikapandishwa Kitonga na shehena, ndipo dereva atakapojua kilichorukwa.

Ipo hatua moja ambayo vitabu vya kigeni huiandika kwa sentensi moja tu, na ambayo tunawaomba wafasiri wasiipunguze: oili chafu na mafuta ya kuoshea yakingwe katika chombo. Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alivuta maji kuyaleta mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na chemchemi hizo zingali miongoni mwa vyanzo vya maji ya mji. Mawe ya matumbawe yana matundu. Kinachomwagwa chini ya mwembe hakibaki chini ya mwembe.

Sasa tuje kwenye jina. Oili kula ni matamshi ya mafundi ya neno la Kiingereza, na kwa mdomo katika gereji halina madhara. Kwa maandishi lina madhara, kwa kuwa Kiswahili kina kitenzi kula, na gari “inayokula oili” ni ile inayoiunguza. Tulionyeshwa fomu ya idara moja ambayo dereva aliandika “oili kula mbovu”. Mweka stoo akampa lita 5 za oili aongezee, na Land Cruiser ikarudi barabarani na tundu lake. Ilirejea ikivutwa kwa kamba.

Kipoza mafuta nalo halitoshi. Katika kituo cha mafuta, “mafuta” ni petroli au dizeli. Na zipo injini zenye vifaa vyote viwili: Land Rover za Td5, zilizoanza kuuzwa mwaka 1998, zina kifaa cha kupoza oili na kingine cha kupoza dizeli inayorudi tangini. Mfasiri atakayeviita vyote kipoza mafuta atamwacha fundi akisafisha kisichoumwa. Rejeta ya oili twaweza kuivumilia kwa kile cha upepo kinachokaa mbele ya gari, kwa kuwa umbo lake ni la rejeta, lakini kwa kile cha ndani ya bloku jina hilo hupotosha.

Umbo la kipoza lina msingi imara. Kutokana na poa twapata poza, kitenzi ambacho kila nyumba hukitumia kwa chai na uji. Na ki- pamoja na kitenzi na yambwa yake ni njia iliyokwisha kutupa kipaza sauti, kinasa sauti na kipima joto. Isichanganywe na pooza, ambayo kwa wasomaji wengi ni maradhi ya viungo. Kipozeo si kosa, ila hakisemi kinachopozwa ni kipi.

Kwa hiyo tunapendekeza: kipoza oili, wingi vipoza oili, kwa kifaa chochote kinachoipunguzia joto oili ya kulainishia injini, kiwe cha maji au cha upepo, na kipoza mafuta kwa kile cha petroli au dizeli peke yake. Kuhusu ile vali ndogo inayofunguka oili ikiwa baridi na nzito ili ikiruke kipoza oili, mapendekezo mawili yako mbele yetu, kilango cha mchepuko na vali ya kuruka. La pili ni la mafundi wa Bububu, na sisi tunaliegemea. Walimu wa vyuo vya ufundi wenye rai nyingine watuandikie kabla ya kikao kijacho cha kamati ya istilahi.