Kutangaza Ngoma na Kualika Watu: Mitandao ya Kijamii katika Unyamwezi

Makusudi ya makala haya mafupi ni kueleza tofauti ya vitenzi viwili, kutangaza na kualika, na kuonyesha jinsi tofauti hiyo inavyogusa uhai wa ngoma na maigizo ya jukwaani katika siku hizi za mitandao ya kijamii. Mfano wangu ni Puge, iliyo kati ya Tabora na Nzega, katika nchi ambayo Wanyamwezi na Wasukuma wanakaa pamoja.

Kwanza tutazame sarufi. Tukisema "wametangaza ngoma", maana imetimia, wala hakuna mtu aliyetajwa kuwa amepelekewa habari. Lakini tukisema "wamealika", msikilizaji huuliza mara moja: wamemwalika nani? Kitenzi hiki hutaka kiambishi cha mtendwa, -m- au -wa-, yaani hutaka mtu. Na mtu aliyealikwa hana budi kujibu, kwa kuja au kwa kutokuja.

Desturi ya zamani iliyafanya yote mawili pamoja. Wahenga walisema la mgambo likilia lina jambo: pembe iliwashtua watu, kisha mpiga mbiu akawaeleza waende wapi na lini. Misafara nayo ilijua kazi hiyo. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwezi wa Novemba 1857, ameeleza jinsi wapagazi walivyoingia mjini kwa bendera, pembe na milio ya bunduki, hata wenyeji wakatoka kuwatazama. Aliyesikia alikuwa karibu, na aliyekuwa karibu aliweza kufika.

Simu imetenga mambo hayo mawili. Kikundi kikiweka picha za ngoma yake katika Facebook au YouTube, habari huenea mbali kupita mlio wa pembe yoyote. Lakini anayeipata huenda yuko Dar es Salaam au Muscat. Zaidi ya hayo, aliyetazama picha huweza kudhani kwamba amekwisha kuiona ngoma yenyewe. Hapo tangazo limekula kile lililotumwa kukitangaza.

Hasara yake inaonekana wazi tukikumbuka mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vilivyoanza karne ya 19. Hata leo, katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora karibu na Mwanza, mwezi wa Juni, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji hukimbilia upande unaowapendeza. Wenye watu wengi ndio walioshinda. Miguu ya watu ndiyo kura. Hesabu ya mtandao ni ya vidole: mtu mmoja hugusa mara kumi bila kuondoka kitini. Tena manju hutuzwa uwanjani, mkono kwa mkono. Sifa za mbali hazimnunulii ngozi ya ngoma.

Hata hivyo sishauri vikundi viache mitandao. Nashauri vitumie lugha ya kualika, na hapo wastadi wa lugha wana kazi ya kuwasaidia. Nitataja mambo manne.

(1) Saa. "Saa 8" kwa mkulima wa Puge ni saa nane ya mchana. Kwa anayesoma tarakimu za simu yake huenda ikawa asubuhi. Iandikwe "saa nane mchana (14:00)".

(2) Mahali. Neno "uwanjani" lilimtosha mpiga mbiu. Katika mtandao hapana budi kutaja kijiji, kata na wilaya.

(3) Kitenzi. "Tazama ngoma yetu" humwacha mtu pale alipo. "Njoni Jumamosi, mje na jirani zenu" humtoa nyumbani. Picha nayo iwe fupi, ikatwe kabla wapinzani hawajajibu, ili jibu litafutwe uwanjani.

(4) Sauti. WhatsApp hubeba maneno ya kusemwa pia. Manju akiwaita watu kwa kinywa chake, kwa Kinyamwezi au Kisukuma na kisha kwa Kiswahili, katika makundi ya watu wa vijiji vya jirani, yu karibu zaidi na mpiga mbiu kuliko karatasi iliyopambwa kwa rangi.

Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, linaonyesha kuwa jambo hili lawezekana: siku za tamasha, mahali, wasanii na tiketi hutajwa mapema katika mtandao, na watu husafiri kutoka nchi za mbali kwenda kusikiliza kwa masikio yao. Ngoma ya Puge haihitaji wageni wa mbali namna hiyo. Yahitaji watu wa Ndala, wa Nzega na wa Tabora. Basi kikundi kinachotaka kujua kama tangazo lake limefaa kisihesabu waliotazama simuni; kiwahesabu waliokuja uwanjani.