Kabla ya Kufungua Kapo, Tujue Herufi za Leva



Juma hili hatuzungumzi juu ya uji wa watoto wala juu ya minervali. Tunazungumza juu ya gari. Gari nyingi za otomatike zilizotumiwa Japani zimeingia katika familia zetu hapa Bukavu, na wengi wetu tunaziendesha, au tunapanda ndani na watoto, bila kujua maana ya zile herufi za leva.

Sisi walimu wanne tulichanga pesa, tukanunua gari moja kuukuu. Inatupeleka shuleni, na siku ya posho inashuka Kamanyola kuleta mchele. Kwenye milima ilikuwa nzito. Tukaipeleka garaje, na kijana mmoja akatuambia: "Wamama, motere yenu haipumui vizuri." Akaondoa sanduku la filtre ya hewa pamoja na bomba lake, akafunga filtre ndogo ya wazi chini ya kapo. Tulilipa dola 60. Gari ikanguruma kama simba, nasi tukafurahi. Lakini mlimani nguvu zilikuwa zilezile.

Tulielewa baadaye. Bomba la kiwandani huvuta hewa ya nje, iliyo baridi. Hewa baridi imeshikamana, ina oksijeni nyingi ya kuchoma esansi. Filtre ya wazi inavuta hewa ya moto inayozunguka motere, nayo ni nyepesi. Tena Bukavu iko mita karibu 1500 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyembamba, kwa hiyo motere isiyo na turbo inapungukiwa nguvu tu, hata ikiwa mpya. Hakuna filtre inayoweza kuleta hewa isiyokuwako.

Filtre ile pia haikufungwa vizuri, na barabara zetu mnazijua. Vumbi liliingia, likakwaruza silinda. Baada ya miezi michache tukaona moshi wa buluu nyuma, na mafuta ya motere yakawa yanapungua kila juma.

Hasara hiyo ilikuwa ya pesa. Nyingine ilitaka kuwa ya roho za watu. Tukiteremka Ngomo, tukiwa na watoto wawili nyuma, mwenzetu aliweka leva kwenye N ili kubana esansi. Gari ikakimbia, tukashika freni mara kwa mara. Harufu ya kuungua ikaingia ndani, na pedali ikaanza kuzama. Mungu ni mwema, tuliweza kuisimamisha upande wa mlima, si upande wa shimo.

Baba mmoja mzee, shofa wa kamio, alisimama kutusaidia. Tulipokuwa tunangoja freni zipoe, akatufundisha kama watoto wa darasa la kwanza. "Wanangu," akasema, "nguvu mnayotafuta garaje iko mkononi mwenu." Haya ndiyo aliyotueleza:

D ni ya barabara ya kawaida. Gari inachagua vitesi yenyewe.

2 na L zinaizuia gari isipande vitesi za juu. Ni za mlima mkali, na zaidi ni za mteremko, kwa sababu hapo motere inaishikilia gari na freni zinapumzika. Punguza mwendo kwanza kwa freni, ndipo ushushe leva.

Kibonye cha O/D kiko kwenye leva za Toyota nyingi za zamani. Taa ya "O/D OFF" ikiwaka, vitesi ya juu kabisa imefungwa. Mlimani gari inaacha kubadilisha vitesi ovyo.

PWR inaifanya gari ikawie kupanda vitesi, ivute kwa nguvu. Inakula esansi zaidi. SNOW inaondoa gari taratibu, ili tairi zisizunguke bure kwenye matope.

N si ya mteremko hata siku moja. Wala haibani esansi: gari za injeksio, ukiachilia pedali ukiwa kwenye vitesi, hukata esansi zenyewe. Kwenye N motere inaendelea kuinywa.

P iende pamoja na freni ya mkono. Vuta freni ya mkono kwanza, kisha achilia pedali.

Tulirudisha sanduku la zamani la filtre. Sasa tunanunua filtre mpya ya karatasi kwa wakati, na hatuioshi kwa maji. Mlima wa Ngomo tunaupanda pole pole na kibonye cha O/D, tunaushuka kwenye 2, na watoto wanalala nyuma.

Wamama, Jumapili hii baada ya misa, kaeni na yule anayeendesha gari ya nyumbani. Mwulizeni swali moja: kwenye mteremko unaweka leva wapi? Akijibu N, msipande mpaka asome ukurasa huu.