Mafaili Hayauzwi Kariakoo

Laptopu iliyokufa huwa nina la kuifanyia, na hata isipopona, Kariakoo zimejaa tele. Kioo kinabadilishwa, kibodi inabadilishwa, betri na chaja ndiyo usiseme. Lakini tasnifu ya mtu, picha za marehemu baba yake, hesabu za duka za miaka minne: hivyo diski ikigoma kuvitoa, hakuna duka la kukimbilia. Mimi ni fundi kompyuta hapa Morogoro, na wateja wangu wengi ni wanafunzi, walimu na wenye maduka. Wakikaa tu kwenye benchi wananiuliza, “Dada fundi, nifunge antivairasi gani?” Nitalijibu, ila mimi ningefurahi zaidi kuulizwa mahali pa kuweka nakala ya pili.

Tukitaja virusi, wengi humwaza kijana fulani wa Ulaya aliyejifungia chumbani akiwawinda. Huyo hakujui wala hana haja na wewe. Huku kwetu mbu wa malaria hii ni flashi. Msimu wa kukusanya tasnifu ukifika, kompyuta ya steshenari inachomekwa flashi za watu kutwa nzima, na ikishaambukizwa na mmoja inawagawia wote. Mwanafunzi anachapa, anarudi hosteli, anafungua flashi na kukuta folda zake zote zimegeuka vialama vyenye mshale, kila kimoja na KB mbili tatu. Mwenzake anamshauri aifomati. Hapo ndipo anapojimaliza mwenyewe.

Kirusi cha aina hii kwa kawaida hakifuti kitu. Kinayapa mafaili yako alama ya kufichwa na ya kuwa sehemu ya mfumo, ili usiyaone, halafu kinaweka kialama cha mshale chenye jina lilelile. Ukikibofya unakiendesha kirusi, nacho kinakufungulia folda yako ya kweli usije ukashtuka. Kuyafichua ni amri moja tu. Kama flashi yako ni herufi E, fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha ubonyeze Enter. (Hapa najiharibia biashara, najua.) Amri hiyo inafichua tu, haiponyi. Kwa hiyo hamisha dokumenti na picha zako peke yake, usibebe vile vialama vya mshale wala faili lolote usilolijua, ndipo uifomati flashi. Na siku nyingine ya kuchapa, igeuze kazi yako kuwa PDF uitume steshenari kwa barua pepe. Ukilazimika kutumia flashi, iwe ya kuchapia tu, isiyo na kitu kingine cha thamani.

Ukiwa kwenye kompyuta yako, fungua folda yoyote, nenda kwenye menyu ya View, uiagize Windows ionyeshe mikia ya majina ya mafaili. Kwa kawaida inaificha, na wahuni wanalijua hilo. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilichotoka Ufilipino kilizunguka dunia kikiwa kimevaa jina LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa kuwa mkia wa mwisho ulifichwa, watu waliona TXT, wakadhani ni barua ya mapenzi ya kusoma. Mpaka leo napokea mashine zilizoangushwa na faili lenye picha ya folda na mkia wa exe.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, tunailipia wenyewe. Mtu anapigiwa Windows isiyo na leseni, anawekewa na programu za ofisi zilizovunjwa kwa krak, anaondoka akifurahi kwamba ametoa hela kidogo. Maelekezo ya krak karibu zote huanza kwa kukuagiza uzime antivairasi kwanza, na watu wanatii. Kuna familia ya virusi vya kuteka mafaili iitwayo STOP, wengine huiita Djvu, ambayo tangu mwaka 2018 imewaumiza hasa watu wa majumbani, na njia yake kubwa ni hizo krak. Unaamka asubuhi, kila picha na kila dokumenti imeongezewa mkia usiouelewa, na ndani ya kila folda kuna faili liitwalo _readme.txt: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 tutakupunguzia hadi 490. Hata hiyo nusu inapita shilingi milioni moja.

Kinachonichekesha, kama kuna cha kuchekesha hapo, ni namna kinavyofunga. Kikipata intaneti, kinachukua kutoka kwa wenye nacho ufunguo wa kwako peke yako. Kikiikosa, kinatumia ufunguo uliomo ndani yake, ambao ni mmoja kwa watu wengi. Aliyefungiwa kwa huo wa pili ana tumaini: Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungua baadhi ya mafaili ya STOP, na tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, hutoa zana kama hizo bila malipo. Maana yake wapo waliookolewa na kuishiwa bando. Aliyefungiwa kwa ufunguo wa peke yake namwambia ukweli bila kumzungusha: ayatunze mafaili yake yalivyo, asilipe, asubiri. Tena aina nyingi za kirusi hiki huja na mwizi mwingine anayezoa nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari, kwa hiyo zibadilishe zote siku hiyohiyo kwa kutumia simu, si kwenye mashine hiyo. Anayetaka kuandika na kupiga hesabu bila gharama achukue LibreOffice. Ni ya bure kihalali, inafungua mafaili ya Word, na sijapata kuletewa mashine iliyougua kwa sababu yake.

Sasa jibu la antivairasi. Iliyomo ndani ya Windows 10 na 11 inamtosha mtu wa nyumbani, mradi usiizime na uiruhusu ijisasishe. Wengi wamefunga masasisho kwa sababu yanakula bando, na siwalaumu. Bando ni pesa. Lakini Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu fulani kwenye Windows. Mei 12, chini ya miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo kikaangusha kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikiwemo. Kama bando linakubana, ipeleke mashine mara moja moja penye Wi-Fi uiache ijisasishe usiku. Na kama bado uko Windows 7, kaa ukijua kwamba hata Windows 10 yenyewe masasisho yake ya kawaida yalikoma Oktoba 14, 2025. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua hazikidhi masharti ya Windows 11. Zikiwa za kuandikia na kuingia intaneti tu, huwa nazitia Linux Mint, na wenyewe wanazoea upesi kuliko wanavyodhani.

Umeme sitausemea sana. Kukatika si kubaya kama kurudi, kwa hiyo kompyuta ya mezani isikae bila UPS, na umeme ukikatika chomoa chaja ya laptopu hadi utulie. Diski ya kuzunguka ikianza kugonga kwa ndani, tik-tik-tik, zima saa hiyohiyo. Kila dakika unayoendelea kuijaribu inazidi kuikwaruza, na mtu anayeiwasha mara kumi “labda itakubali” ananiachia kidogo sana cha kuokoa.

La mafundi nalo nitalisema, wenzangu wanisamehe. Tunaona kila kitu. Nywila ya kuingilia Windows haifungi diski. Nikiichomoa na kuichomeka kwenye mashine yangu, nasoma picha, barua na mikataba kana kwamba ni yangu. Mwizi naye anaweza vilevile. Kinachofunga diski kweli ni usimbaji, na kwenye Windows za Pro umo tayari kwa jina la BitLocker. Ukiuwasha, andika ule ufunguo wa dharura kwenye daftari linalobaki nyumbani, kwa sababu ukiupoteza hata mimi siwezi kukusaidia. Unapomkabidhi fundi mashine, ondoka kwanza kwenye akaunti zako, na kama kazi ni ya nusu saa, vuta kiti ukae. Unapoiuza, usidhani kufuta kumefuta. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia walinunua diski ya mtumba huko Tema, Ghana, wakakuta ndani yake nyaraka za mikataba ya Northrop Grumman, kampuni ya silaha ya Marekani. Kama kampuni ya namna hiyo imeachia diski ikiwa na mambo yake ndani, na wewe je?

Sasa tuje kwenye nakala. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni tunayoifuata mafundi wengi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Nunua diski ya nje kabla ya kununua antivairasi yoyote. Ichomeke, nakili, ichomoe. Wengi hukosea hilo la mwisho, wakaiacha imechomekwa mwaka mzima. Kirusi cha kuteka kikija kinaifunga nayo, na mwizi anabeba vyote pamoja. Ipeleke kwa shangazi mtaa wa pili. Cha mbali zaidi ni akaunti ya Google, inayotoa GB 15 bure, ambayo kwa kawaida huyatunza matoleo ya zamani ya faili kwa siku 30, hivyo hata lililoharibika likipanda huko unaweza kurudisha la juzi. Ifunge akaunti hiyo kwa uthibitisho wa hatua mbili, na nywila yake isifanane na ya mahali pengine popote.

Wewe unayeandika tasnifu, usingoje diski ya nje. Jitumie kwa barua pepe usiku huu, kisha ifungue kwenye simu usome ukurasa wa mwisho, uhakikishe imefika nzima. Tasnifu yenye maandishi matupu haifiki MB 5, na bando la siku linaimudu bila shida.