Unapanda Mlima Kenya Agosti? Maliza Malipo Ukiwa Bado Chini

Shule zikifunga Agosti, wengi wetu hutaka kupanda Mlima Kenya kupitia Chogoria, mji ulio karibu na barabara ya Embu kwenda Meru. Kabla ya kufunga mzigo, tupange pesa.

Kwanza, getini hawapokei keshi. Kiingilio cha KWS hulipwa kupitia eCitizen. Kutoka mjini Chogoria hadi geti ni kama kilomita 30 za njia ya msituni, na huko netiweki si ya kutegemea. Lipa ukiwa bado Embu, Chuka au Meru, kisha hifadhi risiti kwenye simu. Beba kitambulisho pia, maana bei ya Mkenya si sawa na ya mgeni.

Pili, kiongozi na wapagazi. Usitume pesa zote kwa namba uliyoiona mtandaoni. Piga simu kwanza, mkubaliane bei na siku, halafu utume kiasi kidogo. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Likiwa si la mtu mliyeongea naye, achana nayo.

Tatu, chaji. Kuelekea kilele cha Lenana, mita 4,985, baridi humaliza betri haraka. Zima simu usiku na ulale nayo ndani ya mfuko wa kulalia. Mkishuka, wapagazi watakuwa wanangoja malipo yao. Simu ikizima, usimpe mtu PIN yako akusaidie kulipa. Afadhali wangoje uchaji.

Safari njema!