Meloni kwa maji ya samaki: hesabu kwanza, fedha baadaye

Mwezi uliopita baba yangu mdogo alinipigia simu kutoka Kibaha. Amestaafu, kiinua mgongo kimeingia, na ameonyeshwa video ya jamaa anayefuga samaki huku akivuna meloni kwa maji yale yale. Akaniuliza, "Injinia, si ndiyo hiyo unayosomea huko Uingereza? Niweke zote?" Nikamwomba anipe wiki moja. Haya hapa ndiyo niliyomjibu, maana najua si mimi peke yangu ninayepigiwa simu za namna hii.

Kwanza tuelewane. Meloni ninayoizungumzia si tikiti maji. Ni lile tikiti dogo la mviringo, ganda lake lina michoro kama wavu, ndani lina rangi ya chungwa, na harufu yake inakufikia kabla hujalikata. Akwaponiki nayo ni kufuga samaki na kulima kwa maji mamoja yanayozungushwa na pampu. Samaki anakula, anatoa amonia kupitia matamvua yake. Bakteria wanaigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, na hiyo naitreti ndiyo mbolea. Mimea inainywa, maji yanarudi kwa samaki yakiwa yamesafika. Udongo hakuna.

Sasa mbona video zote zinaonyesha saladi na mchicha, na meloni chache tu? Sababu ni chakula cha samaki. Kina protini nyingi, kwa hiyo naitrojeni haina shida, na majani yanataka hiyo. Lakini samaki mwenyewe hahitaji potasiamu nyingi, basi watengenezaji hawaitii. Dakta James Rakocy na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin kule Karibiani, waliendesha mtambo wao kwa miaka mingi na wakakuta virutubisho vitatu ndivyo vinavyopungua: potasiamu, kalsiamu na chuma. Meloni likishaanza kubeba tunda linadai potasiamu kupita kitu kingine chochote. Ukiliacha na maji ya samaki peke yake litakupa msitu wa majani na tunda lisilo na ladha.

Hili nalisema kwa uzoefu, si kwa kusoma tu. Mavuno yetu ya kwanza hapa, mimi na mwenzangu mmoja Mganda, yalikuwa mazuri kwa macho. Tukayapeleka kwenye sherehe ya chama. Watu wakala kwa adabu, wakasifia rangi! Kipimo cha sukari kilisoma 7, na meloni la kuuzika linatakiwa lifike 10 au zaidi. Na usidhani ukiliweka ndani litaongezeka utamu kama ndizi. Meloni halina akiba ya wanga, utamu wake unatoka kwenye majani likiwa bado shambani. Likichumwa, sukari imekoma hapo hapo.

Dawa yake bahati nzuri ni ya kihandisi. Wale bakteria wanapofanya kazi wanazalisha asidi, kwa hiyo pH inashuka kila siku na lazima uipandishe. Basi ipandishe kwa kile kile kinachokosekana: leo haidroksidi ya potasiamu, kesho haidroksidi ya kalsiamu, kidogo kidogo, kwa glavu na miwani kwa sababu inaunguza. Tunaishikilia pH kati ya 6.5 na 7. Meloni lingependa chini ya hapo, bakteria wangependa juu, wanakutana katikati. Chuma unatia kile kilichotengenezwa kisigande kwenye maji. Baba mdogo aliuliza kama magadi hayafai, kwa vile ni rahisi. Hayafai. Sodiamu yake inabaki majini, inarundikana, na inauzuia mmea kuchukua potasiamu ile ile unayoitafuta.

Kuhusu ukubwa, kitabu cha FAO cha mwaka 2014 kinatoa kipimo cha gramu 50 hadi 80 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mimea ya matunda. Chukua mita 10 kwa gramu 60: gramu 600 kwa siku. Sato anayekua anakula kama asilimia 2 ya uzito wake, kwa hiyo unahitaji kilo 30 za samaki, na matangi mawili ya lita 1,000 yanawatosha. Anza na chakula, samaki na matangi yatajipanga yenyewe. Wengi wanaanza na tangi.

Mizizi tuliiweka kwenye ndoo za kokoto, mashina tukayapandisha kwa kamba, kila shina tukaliachia tunda moja au mawili likining'inia ndani ya wavu. Ndani ya kitalu nyumba hakuna nyuki, kwa hiyo asubuhi unachukua brashi ndogo na kupeleka chavua kwenye ua lenye kitunda nyuma yake. Kazi ya kuchosha, lakini ukiikosa hakuna tunda.

Wadudu ndio mtihani. Huwezi kupiga dawa ovyo, na hata pareto yetu, ambayo watu wanaiamini kwa sababu ni ya asili, ni sumu kali kwa samaki. Vidukari tunavitoa kwa mkono na kwa wadudu wanaovila.

Sasa fedha. Hapa Uingereza umeme wa kupasha maji moto ulikula faida yote, maana sato anataka nyuzi 27 hadi 30. Kibaha gharama hiyo karibu haipo, na jua ni la bure. Lakini meloni linakaa karibu miezi mitatu kabla halijakupa hata shilingi, na saladi inatoka baada ya wiki tano hivi. Nilimshauri theluthi mbili za nafasi iwe mboga za majani za kulipa bili, theluthi moja meloni, na asitoe zaidi ya sehemu ya kumi ya kiinua mgongo mpaka kipimo kimesoma 10 mara mbili mfululizo.

Alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akauliza swali ambalo video haikuligusa: "Na umeme ukikatika usiku, mwanangu?" Nikamwambia samaki waliobanana bila hewa wanaweza kufa kabla hakujakucha. Amenunua tangi moja na betri. Pampu ndogo ya hewa nitaipeleka mwenyewe Desemba, kwenye begi la mkononi.